Wekundu Kwenye Pembe ya Kulungu

Nurmi, Michigan
19 Aprili 1972

Mdogo wangu Taisto,

Barua hii ikufikie ukiwa umekaa kivulini na si chini ya mgodi. Huku theluji imeanza kuondoka, ingawa haina haraka. Nyuma ya ghala bado imefika dirishani. Barabara ni tope tupu. Gari la maziwa lilikwama mbele ya lango langu, tukalisukuma mimi na jirani Hilja, vikongwe wawili ndani ya mabuti ya mpira, dereva akitupungia mkono kama tuko kwenye gwaride. Ng'ombe wangu Mansikki amezaa ndama jike mwenye kipaji cheupe. Goti langu linauma mvua ikikaribia, na hivi sasa mvua inakaribia kila siku.

Hilja anakusalimu. Anasema, "Mwambie Taisto huko jangwani atakauka kama samaki wa chumvi. Arudi tumloweke."

Sasa jambo lenyewe. Nimeokota pembe. Nilikuwa nimepanda kule juu, kwenye kinamasi cha mierezi ambako kulungu hujificha wakati wa baridi, nikaiona imelala juu ya sindano za misonobari. Ni pembe ya kushoto ya dume kubwa, yenye ncha nne, na nzito mkononi. Upande wa ndani ni nyeupe kama kawaida. Upande wa nje, kuanzia shinani mpaka juu ya ncha ya kwanza, ni nyekundu. Sisemi kahawia, Taisto, nasema nyekundu. Panya wameiguguna pale penye wekundu tu. Kwingine hawakugusa.

Wewe ndiye uliyekuwa ukituchosha mezani na habari za pembe mpaka marehemu mama akakutishia kwa mwiko. Basi leo nakupa ruhusa. Ni nini kinachopaka pembe rangi ya namna hiyo? Fikiri vizuri kabla hujajibu.

Kuna mambo ambayo mwaka huu siwezi kuyaandika, na usiniulize kwa nini. Lakini habari za pembe naweza.

Dada yako,
Sylvi

*

Piedra Seca, Arizona
6 Mei 1972

Dada Sylvi,

Barua yako ilikaa posta siku kadhaa kwa sababu nilikuwa zamu ya usiku na sikuwa na nguvu za kwenda kuiuliza. Nisamehe. Mimi ni mzima, kifua kinakohoa kidogo asubuhi, kisha kinaacha. Joto limeanza. Hapa hakuna mtu mwenye sauna ya kuogea mvuke, na hakuna anayeihitaji, unafungua mlango tu. Jirani yangu mama Ochoa huniletea tamale Jumapili, mahindi na nyama ndani ya maganda. Nilimpa mkate wa iliki niliouoka mwenyewe, akautafuna kwa heshima kubwa. Sidhani atauomba tena.

Kama hayo mambo usiyoweza kuandika ni ya goti, nenda kwa daktari. Wewe unajifanya jiwe.

Nakuuliza tena nililokuuliza Krismasi. Kuna neno lolote kutoka kwa Wilbert? Tangu jeshi liliponiandikia kwamba wamemwachia aende zake, Oktoba ya mwaka juzi, sijapata hata mstari mmoja. Barua niliyompelekea huko vitani, ya kumwambia kwamba baada ya kumzika mama yake nimeuza nyumba na nimekuja huku, ilinirudia bila kufunguliwa. Sijui kama yu hai. Ni mwanangu wa pekee, Sylvi. Nikiona kijana mrefu anashuka kwenye basi, moyo unaruka, na hapa vijana warefu ni wengi. Kama umesikia lolote, hata baya, niambie.

Sasa pembe. Hilo ni rahisi, dada, nashangaa umeniuliza. Pembe inapotoka kwenye ile ngozi yake laini mwisho wa kiangazi huwa nyeupe kama mfupa. Rangi yote inatoka nje. Dume anajisugua kwenye miti, na kila mti unamwachia alama yake. Msonobari una utomvu, utomvu unashika uchafu, pembe inakuwa nyeusi. Aliyekaa juani sana anakuwa mweupe. Na aliyejisugua kwenye alda anakuwa mwekundu, kwa sababu gome la alda ukilikwaruza linatoa maji mekundu. Dume wako ni wa alda. Panya wanaguguna pembe zote kwa ajili ya chumvi, hilo halina ajabu.

Nisalimie Hilja. Mwambie samaki bado hajakauka.

Taisto

*

Nurmi, Michigan
21 Mei 1972

Mdogo wangu Taisto,

Ndama anakua. Nimepanda viazi, na mbu wameamka wote kwa pamoja, wana njaa ya miezi saba. Mchungaji mpya anahubiri kwa Kiingereza kitupu, wazee wanasinzia na hawaoni haya. Goti ni goti tu, achana nalo.

Siku hizi naoka mara mbili kwa juma. Hilja alisimama mlangoni akahesabu mikate kwa kidole. "Sylvi wee, unamlisha nani hiyo yote? Mume umemzika, watoto hukuzaa." Nikamwambia nanenepa. Akanitazama kiunoni akasema, "Basi hiyo mikate inapita bila kusimama." Hajaamini.

Alda, eti! Nilikwenda mtoni nikakwaruza alda kwa kisu, nikapaka maji yake kwenye mfupa wa supu. Kufika jioni ulikuwa na rangi ya chai. Pembe hii ni nyekundu kama mbao za ghala. Ukiisugua kwa kidole inaacha vumbi, na vumbi lenyewe ni jekundu. Tena, kule juu nilikoiokota alda haioti, wewe unajua hilo kuliko mimi, umewinda kule tangu ukiwa na meno ya maziwa. Kuna mierezi, misonobari, na ile kambi yetu ya zamani ya kuwindia na nguzo zake. Basi.

Umekuwa profesa wa pembe miaka yote hii, na siku moja ninapokuhitaji unanijibu kama mtu asiyewahi kuona kulungu. Fikiri tena. Fikiri ukiwa umekaa.

Neno lako lile lingine nimelisoma. Nimelisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sylvi

*

Piedra Seca, Arizona
18 Juni 1972

Dada Sylvi,

Natumaini mbu wamekubakizia damu ya kutosha kusoma barua. Hapa ni joto la kupika yai juu ya kiganja cha mkono. Tumemzika mwenzetu mmoja wa mgodini, hakufa kazini, alikufa kitandani, na kila mtu alisema ana bahati.

Kama si alda, basi ni damu. Ile ngozi laini imejaa mishipa, ndiyo maana ukiitazama pembe unaona mifereji midogo kama njia za mchwa, damu ilipita humo. Dume akiwa na hasira anaichana ngozi kabla haijakauka vizuri, damu inaingia kwenye vinyweleo vya mfupa na kubaki. Au ni maji ya chuma. Kule kinamasini kuna chemchemi yenye kutu, kulungu akichimba tope kwa pembe anatoka na rangi ya msumari wa zamani. Kutu huacha vumbi. Chagua mojawapo.

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Sasa sikiliza. Kila ninapokuuliza habari za Wilbert unaniruka. Krismasi uliniandikia habari za ng'ombe. Safari ile ukaniandikia pembe. Safari hii unasema umelisoma neno langu, na unaliacha hapo sakafuni kama kitambaa. Wewe hukuwa hivyo. Ulikuwa mtu wa kuniambia ukweli hata nisipouomba, hata siku ya harusi yangu.

Je, amekufa, na wewe unajua? Kama ndivyo, usinifiche kwa huruma. Nimechoka kuweka sahani ya pili kichwani mwangu kila ninapokula. Naandika habari za pembe kwa sababu nikiandika hilo lingine mkono unasimama. Leo nimeulazimisha.

Taisto

*

Nurmi, Michigan
9 Julai 1972

Taisto,

Wote wazima. Majani yamekatwa, hayajakauka.

Hakuna aliyekufa. Unanisikia? Soma tena mstari huo kisha uende ukalale.

Wewe ni mjinga wa kusomea. Damu! Kutu! Ningekuwa karibu ningekupiga na hiyo pembe. Kwa kuwa siko karibu, naituma. Iko kwenye kifurushi, nimeifunga kwa sweta la marehemu mume wangu. Mtu wa posta aliuliza, "Ni nini, mama, bunduki?" Nikamwambia ni mguu wa kiti.

Nitakuambia jambo moja tu. Mwaka jana nilitoa neno langu saunani, juu ya benchi, mawe yakiwa moto. Unakumbuka baba alivyotulea. Saunani hakuna kugombana, hakuna kupiga soga, na neno ulilolitoa humo hulirudishi, ni sawa na kulisema mbele ya madhabahu. Neno lenyewe lilikuwa kwamba sitamwandikia mtu wala kumwambia. Lakini sikusema sitatuma kifurushi. Nililala macho juma zima kabla ya kuona tofauti hiyo, na Mungu akiiona ndogo nitamweleza mwenyewe.

Usiioshe. Ishike, inuse, itie ulimi kama ulivyokuwa ukifanya mama akikupigia kelele. Kisha uniambie ni nini.

Sylvi

*

Piedra Seca, Arizona
30 Julai 1972

Dada yangu Sylvi,

Kifurushi kimefika. Sijui nianze na salamu gani. Mimi mzima. Sijawahi kuwa mzima hivi.

Niliifungua mezani. Niliitazama kwanza kama mtu mwenye jibu tayari, nikaona wekundu umekaa kama ulivyoandika, upande mmoja, na ukingo wake umenyooka. Mti hauna ukingo ulionyooka. Ni ubao ulio na kona. Nikaisugua kwa kidole gumba, kidole kikawa chekundu. Nikaitia ulimi. Ilikuwa na ladha ya unga wa rai, Sylvi, unga mweusi wa mkate, ndani ya vumbi la chuma. Hapo nikaelewa kwa nini panya waliguguna pale tu. Walikuwa wanakula rangi.

Rangi ile haiuzwi dukani. Unachemsha maji kwenye sufuria kubwa nje, unatia unga wa rai, unakoroga mpaka uwe uji, kisha chumvi ya chuma, kisha udongo mwekundu wa kule kwenye vilima vya mgodi, na mwisho mafuta ya kitani. Baba alimfundisha mtu mmoja, mimi. Wewe hukutaka, ulisema inanuka. Na mimi nikamfundisha mtu mmoja, kiangazi kile tulichopaka sauna, kabla hajaitwa jeshini. Alikuwa na haraka, akatia chumvi ya chuma kupita kiasi. Nikamgombeza, wekundu ukaelekea zambarau kidogo, kama bitiruti. Mama yake akasema ni mzuri kuliko wa babu. Kwenye pembe hii wekundu unaelekea zambarau.

Mwaka wa kwanza rangi hiyo humpaka kila anayeiegemea. Dume amesugua pembe zake kwenye nguzo ya kambi, Septemba iliyopita, na nguzo ilikuwa mbichi. Aliyeipaka alichemsha uji huo kiangazi hichohicho, kule juu, ambako hakuna mtu aliyekaa tangu nilipoondoka.

Nililia mpaka mama Ochoa akaja kugonga ukuta. Nikamwambia kwa mikono kwamba ni furaha. Akaitazama pembe, akanitazama mimi, akaenda kuleta tamale.

Sikuulizi jambo lolote usiloweza kulijibu. Neno lako nalilinda pamoja nawe. Nakuuliza habari za kulungu tu, kwa kuwa hakuna neno lililotolewa juu ya kulungu. Yule dume wa kule juu anakula? Ana manyoya mazuri? Alikuja lini, naye alitokea wapi? Nimeona shina la pembe limepinda kidogo. Kulungu akiumia mguu wa nyuma, pembe ya upande wa pili hutoka kombo, mwili hupeleka maumivu mbali. Je, ameumia?

Niandikie mara moja. Niandikie habari za kulungu peke yake, sitaki ng'ombe.

Taisto wako

*

Nurmi, Michigan
13 Agosti 1972

Mdogo wangu mpendwa,

Afadhali. Nilikuwa nimeanza kutafuta sanduku la kutosha kukutumia nguzo nzima.

Basi habari za kulungu. Alikuja Agosti ya mwaka jana, kwa miguu, kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amezunguka nchi yote hii, mimi sijui alikula nini. Mbavu zilihesabika. Anachechemea mguu wa kulia, si sana, huonekana zaidi akipanda ngazi. Siku ya kwanza alikula amesimama, mgongo ukutani, macho mlangoni. Sasa anakula amekaa. Anapenda mkate wa iliki na siagi nyingi, na sambusa zangu kubwa za viazi na nyama, ila karoti anazichomoa na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Kulungu wengine hawabadiliki.

Jumamosi hushuka jioni kuja saunani, hutoka kabla Hilja hajapita. Haongei mengi. Anafanya kazi mpaka giza linaingia. Amebadilisha paa, ametia madirisha, amepaka kila ubao. Nilimwambia, "Hii ni kambi ya kuwindia, si kanisa." Akasema, "Hii siyo kambi."

Novemba, bunduki za wawindaji zilipoanza, alishuka kwenye shimo la viazi na hakutoka siku zote zile. Nilikaa naye humo na taa. Nilifuma soksi.

Jumamosi iliyopita, saunani, nilimuuliza kama angekubali dume mmoja mzee wa jangwani amsogelee. Alimwaga maji kwenye mawe mpaka sikuweza kuona uso wake. Kisha akatoka. Usije bado, Taisto. Namhofia kulungu anayetazama njia ya kuondokea.

Sylvi

*

Piedra Seca, Arizona
26 Agosti 1972

Dada Sylvi,

Mimi mzima, na natumaini kulungu ni mzima.

Nimesoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nacheka kwa karoti na kulia kwa shimo la viazi. Ningekaa humo mimi. Ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya, nikamwachia dada yangu mwenye goti bovu.

Unasema nisije bado. Nimejaribu kukutii. Nimeshindwa. Septemba inaanza, madume wanavua ngozi za pembe, na baada ya hapo ni bunduki tena. Sitaki Novemba nyingine aipitie shimoni wakati mimi nahesabu mikokoteni ya shaba huku. Nimewaambia mgodini natoka. Msimamizi akauliza naenda wapi, nikasema kuangalia kulungu. Akasema, "Mzee, huko si kuna baridi?" Nikamwambia ndiyo, baridi nzuri.

Naondoka na basi mara nitakapolipwa. Sitapita kwako kwanza, ili asiseme umeniita. Akikasirika, akasirike na mimi.

Taisto

*

Nurmi, Michigan
3 Septemba 1972

Taisto,

Naandika kwa haraka ili gari la barua litakalopita kwanza lisiniache. Barua yako imefika jana. USIJE.

Nimemwambia unajua. Nilidhani ni haki yake. Nilimwambia yote, pembe, kifurushi, sweta. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo anajua nilipo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa ndiyo anataka kujua." Na jana Jumamosi hakushuka saunani. Nilipanda leo asubuhi baada ya kanisa, nikakuta mfuko wake wa kijeshi uko juu ya kitanda, umefungwa.

Nilimsihi. Nilimuuliza baba yake amemkosea nini, maana mimi sijui, Taisto, hajaniambia, na wewe hujaniambia. Akaendelea kunoa shoka.

Ukija akaondoka, safari hii hatutamwona tena, na hakuna kulungu atakayetuletea habari. Nakuomba kama dada yako mkubwa aliyekubeba mgongoni. Kaa huko. Nipe mpaka theluji.

Sylvi

*

Kambini
24 Septemba 1972

Dada Sylvi,

Najua niko hatua chache kutoka kwako na naandika barua kama niko ng'ambo ya dunia. Utaelewa ukifika mwisho. Hilja ataichukua. Yuko hapo nje anajifanya anachuma matunda ya kinamasini, kikapu kitupu, shingo ndefu. Alitukuta jana. Alinitazama, akamtazama Wilbert, akasema, "Kumbe ndio wanaokula mikate." Siri yako imekwisha, lakini hukuisema wewe.

Wilbert ameniambia kwamba uliniandikia tena nisije. Barua hiyo nadhani sasa anayo mama Ochoa. Nashukuru posta kwa uvivu wake, maana ningeisoma ningeogopa.

Nilishuka barabara kuu nikapanda kwa miguu. Nilipotoka kwenye miti nikaona nyumba. Uliniandikia amepaka rangi, hukuniandikia kwamba ametengeneza nyumba. Ina kibaraza. Ina madirisha yenye fremu nyeupe, kama yetu ya zamani, na ngazi zinakata kona upande uleule. Nilisimama sana. Moshi ulikuwa unatoka. Unajua hapa kambini hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi, tangu enzi za baba mtu anasukuma mlango na kuingia na theluji yake. Mkono wangu ulikataa kusukuma. Nikapiga hodi.

Akafungua. Ana ndevu. Ana macho ya mama yake, Elma, Mungu amrehemu. Hatukushikana mkono. Aliacha mlango wazi akarudi ndani, nikaona hiyo ndiyo karibu yangu. Akanimiminia kahawa. Mfuko wake ulikuwa bado juu ya kitanda, umefungwa, nikakaa mahali ambapo singeuona.

Siku ya pili tulikuwa tunapasua kuni, akasema bila kuniangalia. Akasema, "Nilirudi, Baba." Nikasema, "Lini?" Akasema, "Waliponiachia tu. Sikuandika, nilitaka nikushtue. Nilishuka basi na nguo zangu za jeshi, nikatembea mpaka nyumbani. Mlango ulikuwa na rangi ya kijani. Nikapiga hodi nyumba niliyozaliwa. Akafungua mwanamke simjui, ana mtoto kiunoni, akaniuliza, 'Unamtafuta nani?'"

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia samahani, nimekosea nyumba."

Hivyo tu, Sylvi. Hakunikimbia. Miaka hii yote nimekaa nikingoja mwanangu arudi nyumbani, na alikuwa amesharudi. Nilifungua mdomo nimweleze barua iliyonirudia, nikaona hata kama ni kweli haina faida kwa mtu aliyesimama pale mlangoni. Nikamwambia tu, "Nilipaswa kuwepo nifungue." Akainua gogo lingine akaliweka kwenye kisiki. Akasema, "Ndiyo." Tukaendelea.

Sijashuka kwako kwa sababu hiyo. Sithubutu. Nikitoka hata kwa nusu siku, akiinua macho asinione, itakuwa nimeondoka tena. Nivumilie, dada. Sogea wewe, pole pole, na goti lako, uje na kahawa, ya hapa inakaribia kwisha.

Nami kila ninapoingia napiga hodi. Nikitoka kisimani, napiga. Nikitoka kwenye kuni, napiga, nangoja aseme. Naona ndiyo adabu kwa nyumba ya mtu. Leo asubuhi nilikuwa nimebeba kuni mikono yote miwili, nikagonga kwa mguu. Akafungua, ana mkate mdomoni, amekasirika.

"Baba," akasema, "hapa hupigi hodi. Ingia tu."

Nikaingia, Sylvi. Mfuko hauko tena kitandani.

Taisto